Nyumba Iliyojaa Watu Wasiokuwepo: Uchambuzi wa Kisa cha Home Alone

Ukimtajia mtu Home Alone, atakumbuka mitego kwanza: pasi inayoporomoka usoni mwa mwizi, makopo ya rangi yanayobembea ngazini, kitasa cha mlango kilichoiva kwa moto hadi kikawa chekundu. Lakini mitego hiyo inachelewa sana kufika. Filamu inakwenda zaidi ya saa moja kabla wezi hawajaanza kuteleza na kuungua. Anayetaka kuelewa jinsi mtoto wa miaka minane alivyowasumbua wanaume wawili wazima hana budi kuirudia ile saa ya kwanza, kwa sababu kazi kubwa ilifanyika humo.

Ninavyoisoma mimi, silaha kubwa ya Kevin McCallister ni kuwaaminisha watu kitu ambacho hakipo. Aliifanya nyumba tupu ionekane imejaa. Hila hiyo ilipogundulika ndipo alipoingia kwenye mitego, na mitego nayo haikumaliza kazi. Kisa hiki kinahusu kuona na kudanganywa na unachokiona, na kila mtu mzima ndani yake anadanganywa walau mara moja.

Filamu ilitoka Marekani tarehe 16 Novemba 1990. Aliyeiandika na kuitayarisha ni John Hughes, na mwongozaji ni Chris Columbus. Macaulay Culkin ndiye Kevin, Joe Pesci na Daniel Stern ni wezi wawili, Harry na Marv, na Catherine O'Hara ni Kate, mama yake Kevin. Iligharimu takriban dola milioni 18, ikaingiza zaidi ya dola milioni 470 duniani kote, na huko Marekani ilikaa nafasi ya kwanza kwa mapato wiki 12 mfululizo. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Mtoto anasahaulikaje?

Tatizo la kwanza la mwandishi lilikuwa gumu kuliko la wezi. Wazazi wanaopanda ndege kwenda Paris na kumwacha mtoto wa miaka minane nyumbani ni watu ambao mtazamaji yuko tayari kuwachukia. Wakishachukiwa, filamu imekufa, maana mama atakaporudi hakuna atakayefurahi naye. Ilibidi kosa litokee bila kumpata mtu mmoja wa kubebeshwa lawama zote. Hughes alilijenga kipande kwa kipande, na hapa ndipo ninapomvulia kofia kuliko mahali pengine popote.

Katika nyumba ya akina McCallister, kwenye kitongoji cha Chicago, wamelala watu 15: familia ya Peter na Kate, familia ya Frank, ndugu yake Peter, na watoto wengine wa ukoo. Kesho yake wanasafiri kwenda kula Krismasi Ufaransa. Jioni Kevin anagombana na kaka yake Buzz kwa ajili ya pizza ya jibini, maziwa yanamwagika juu ya meza yenye pasipoti na tiketi, na katika kufuta kwa haraka tiketi ya Kevin inatupwa kwenye taka pamoja na karatasi zilizolowa. Kamera inaionyesha kwa sekunde chache tu. Kevin, kwa kuonekana ndiye mkorofi, anapelekwa kulala darini peke yake. Usiku upepo unaangusha tawi kwenye nyaya, umeme unakatika, saa za kengele zinapoteza majira. Kunakucha familia nzima imepitiwa na usingizi, na magari ya kuwapeleka uwanja wa ndege yanasubiri nje.

Kisha inakuja hesabu. Heather, mmoja wa mabinti wakubwa, anapewa kazi ya kuhesabu watoto. Wakati huohuo mtoto wa jirani, Mitch Murphy, amejipenyeza katikati ya mizigo na anapekuapekua, kichwa chini, mgongo nje. Heather anamgusa kisogo na kumhesabu. Idadi inatimia, wanaondoka.

Tazama alichofanya: alihesabu vichwa, hakutaja majina. Hakuona sura ya yule mtoto, aliona mwili mahali ulipotarajiwa kuwa. Kosa hili litarudi baadaye kwa namna nyingine kabisa, na sidhani kama ni bahati tu.

Na ile tiketi kwenye taka? Bila hiyo, wangefika uwanja wa ndege na kukuta tiketi moja imebaki mkononi, na mtu angeuliza ni ya nani. Tiketi imepungua moja, mtoto amepungua mmoja, mahesabu yanalingana. Ndani ya ndege wazee wameketi daraja la kwanza, watoto wako nyuma, hivyo hakuna macho ya mzazi yanayopita juu ya viti vya watoto. Kate anahisi kuna kitu amesahau, anahangaika kukitafuta kichwani, na anapokipata wako angani juu ya bahari.

Jino la dhahabu

Kabla ya yote hayo, kuna afisa wa polisi amesimama ukumbini huku watoto wakipishana na masanduku. Anauliza kama familia inasafiri na kama nyumba ina ulinzi. Peter anamjibu bila wasiwasi, anamweleza hadi habari za taa zinazojiwasha zenyewe kwa majira. Afisa huyo ni Harry, mwizi, aliyevaa sare.

Watu wazima wanaangalia sare, wanaridhika. Kevin anaangalia juu kutoka kwenye kimo chake na kuona jino la dhahabu linalomeremeta Harry anapotabasamu. Baadaye, siku gari la wezi linapokaribia kumgonga barabarani, Harry anatabasamu tena, jino linang'aa, na Kevin anajua papo hapo kwamba yule hakuwa polisi. Mtoto ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyetazama uso badala ya nguo. Mpigapicha wa filamu, Julio Macat, anaiweka kamera chini mara nyingi, usawa wa macho ya Kevin, na watu wazima wanaonekana warefu kupita kiasi. Mtindo huo unapendeza macho, lakini pia unatueleza kwa nini Kevin anaona mambo ambayo wengine hawayaoni.

Harry naye si mjinga. Kuna tukio ambapo yeye na Marv wamekaa ndani ya gari lao usiku, na Harry anaonyesha nyumba moja baada ya nyingine, akitabiri dakika ambayo taa za kila nyumba zitawaka. Zinawaka kama alivyosema. Anafahamu kwamba taa ni uongo wa watu waliosafiri, na ameshaukariri uongo wa mtaa mzima. Usiku wa kwanza anapokimbizwa na taa za akina McCallister, anakimbia kwa sababu hazikuwa kwenye ratiba. Kwa mwizi aliyekwisha kukariri ratiba za mtaa, taa isiyo na ratiba ina maana kuna mtu ndani.

Milango ya msaada inafungwa

Mtazamaji yeyote atauliza: kwa nini mtoto haendi kwa jirani, hapigi simu, haendi polisi? Filamu inajibu maswali haya mojamoja.

Majirani wengi wamesafiri. Aliyebaki ni mzee Marley, anayeonekana akichota theluji na kumwaga chumvi barabarani usiku, na Buzz ameshawajaza wenzake hadithi kwamba mzee huyo aliua familia yake. Kevin akimwona anakimbia.

Polisi nao wapo. Kate anawapigia kutoka Paris, anarushwa kutoka idara moja hadi nyingine, na mwishowe askari anakuja, anagonga, hafunguliwi, anaondoka na kutoa taarifa kwamba hakuna mtu. Baada ya hapo Kevin mwenyewe anajifungia mlango wa polisi kwa mswaki. Anaingia duka la dawa kununua mswaki, mzee Marley anatokea pembeni yake, hofu inampanda na anatoka mbio bila kulipa. Askari anamkimbiza. Kevin anaponyoka na kujiona tayari ni mhalifu. Kwa mantiki ya mtoto wa miaka minane, mwizi wa mswaki hawezi kwenda kituoni kushtaki wezi wengine. Watu huliona tukio hili kama kichekesho cha kupita, lakini likiondolewa, kisa kizima kinaporomoka, maana Kevin angekuwa na sababu zote za kuomba msaada mapema.

Simu ndiyo mshono unaoonekana. Tunaambiwa dhoruba imeharibu laini za mtaa na ndiyo sababu Kate hampati mwanawe. Hata hivyo Kevin anaagiza pizza kwa simu, na Peter anafanikiwa kuacha ujumbe kwenye mashine ya simu ya akina Murphy, jirani wa ng'ambo ya barabara. Hapa muswada umevuja, na hakuna haja ya kuutetea. Ila ujumbe ule wa Peter una jambo la kusikitisha: wezi wamo ndani ya nyumba ya akina Murphy wakiiba unapoingia. Wanamsikia Peter akijitambulisha na kusema wako Paris. Baba aliyekuwa anatafuta msaada kwa ajili ya mwanawe ndiye anayewathibitishia wezi kwamba nyumba yake haina mtu.

Sherehe ya sanamu

Wezi wanakuja jioni wakiwa na uhakika. Wanakuta nyumba inanguruma muziki, mapazia yana vivuli vya watu wanaocheza. Ndani hakuna watu. Kuna sanamu za kuvalishia nguo zilizofungwa kamba ambazo Kevin anazivuta kwa mikono, nyingine inazungushwa na mashine ya santuri, na picha ya Michael Jordan iliyokatwa kwenye karatasi ngumu inapita dirishani ikiwa imepandishwa juu ya treni ya kuchezea.

Hili ndilo jibu la Kevin kwa mtu aliyekariri taa. Taa ya majira inawaka na kuzima, basi. Haichezi muziki, haipiti mbele ya dirisha na kurudi. Kevin hakujua kwamba Harry anafahamu siri ya taa, lakini alijua kwamba nyumba yenye watu ina mwendo, na mwendo ndio alioutengeneza. Harry anakubali. Anaona miili bila sura, anaihesabu kuwa watu, anaondoka. Amefanya kosa la Heather lilelile: Heather alihesabu kisogo, Harry amehesabu vivuli.

Baadaye Marv anatumwa peke yake kuchungulia. Kevin anafungulia filamu ya zamani ya majambazi yenye maneno makali na milio ya risasi, anaongezea fataki ndani ya sufuria, na Marv anarudi mbio akiamini amesikia mtu akiuawa. Filamu ile ya rangi nyeusi na nyeupe haikuwahi kuwepo sokoni. Ilipigwa mahsusi kwa ajili ya Home Alone. Kevin mwenyewe ilimtisha alipoitazama siku za mwanzo, akamwita mama yake kwa woga. Kitu kilichomtisha yeye ndicho alichokigeuza kuwa ngao. Alipima woga wa mwizi kwa kutumia woga wake mwenyewe, na kipimo kikawa sahihi.

Hila hii inavunjika kwa njia rahisi. Kevin anatoka nje kukata mti wa Krismasi, Harry anamchungulia dirishani akipamba, na anaona mtoto mmoja tu. Kwa mara ya kwanza Harry anatazama sura. Mchezo wa kuficha umekwisha. Lakini wezi nao wanafanya kosa la kuongea kwa sauti karibu na nyumba, na Kevin anasikia kwamba watarudi saa tatu usiku.

Mitego, na mahali inapokomea

Kabla ya saa hiyo anakwenda kanisani. Mzee Marley anakuja kukaa karibu naye, na inabainika kuwa ni babu aliyekuja kumsikiliza mjukuu wake akiimba kwaya, mtu aliyekosana na mwanawe wa kiume na hajui pa kuanzia kupatana naye. Kevin anamshauri apige simu. Mazungumzo haya yanachukua dakika kadhaa bila kichekesho kikubwa, na Columbus hakuyaharakisha. Baada ya hapo wimbo wa Carol of the Bells unaanza, Kevin anakimbia nyumbani, anachora ramani ya nyumba kwa kalamu za rangi.

Kuhusu mitego yenyewe, ubora wake uko kwenye mpangilio. Mfuate Marv upande wa chini ya nyumba. Ngazi za ndani zimepakwa lami. Anapanda, viatu vinabaki kwenye lami, soksi zinafuata, na hatua inayofuata ina msumari uliosimamishwa. Anaanguka, anaamua kuzunguka aingie kwa dirishani. Chini ya dirisha Kevin ametandaza mapambo ya kioo ya mti wa Krismasi. Kwa mtu mwenye viatu mapambo yale yangevunjika tu. Lakini viatu viko kwenye lami. Mtego wa kwanza ulimvua viatu ili wa pili umkute miguu mitupu, na wa pili ulitegemea hasira ya mtu aliyeshindwa kwa njia ya kwanza. Huo ndio ufundi wa mtoto anayejua kila mlango wa nyumba yao, na anajua mtu mzima akizuiwa mlango mmoja atakimbilia upi.

Upande wa mbele, Harry anashika kitasa kilichopashwa moto na herufi iliyochongwa juu yake inabaki kwenye kiganja. Baadaye ngazini kopo la rangi linamng'oa lile jino la dhahabu. Alama iliyomtambulisha imeanguka sakafuni kwa akina McCallister.

Maanguko mengi yalifanywa na wacheza hatari wa kweli, miili yao ikigonga sakafu ya kweli, na uzito huo unaonekana. Mzazi anayetazama na watoto wadogo afadhali aseme waziwazi kwamba pasi, moto wa gesi na waya wa umeme si vya kuchezea. Wezi wanasimama tena kwa sababu ni filamu. Sioni kama hilo ni sababu ya kuwanyima watoto filamu hii. Naona ni sababu ya kukaa nao.

Sasa tufike pale ambapo wengi hupapita haraka. Kevin anapiga simu polisi, anataja jina la Murphy, na mpango wake ni kuwavuta wezi hadi nyumba ya akina Murphy ili wakamatwe humo. Ni mpango mzuri. Wezi wanauotea, wanamtangulia, wanamkamata na kumning'iniza kwa nguo zake mlangoni. Kevin ameshindwa. Mitego yote, kamba, vigari vya kuchezea sakafuni, buibui wa Buzz, havikuzuia mikono ya watu wazima kumfikia. Anayemwokoa ni mzee Marley, kwa koleo la theluji, lile lile ambalo uvumi ulisema ni silaha ya mauaji. Kama Kevin hangekaa naye kanisani angeendelea kumwogopa, na mzee asingekuwa na sababu ya kumfuatilia mtoto yule usiku huo.

Wezi wanafungwa zaidi kwa kiburi chao. Marv alikuwa na tabia ya kuziba masinki na kuacha maji yakitiririka katika kila nyumba waliyoiba, iwe sahihi yao. Polisi wanapowakamata wanajua tayari ni nyumba zipi, kwa sababu zote zimefurika.

Kate anarudi asubuhi ya Krismasi baada ya kupita Dallas na Scranton, na kipande cha mwisho ndani ya gari la kundi la wanamuziki wa polka. Kevin hamwambii lolote kuhusu wezi, wala hamwambii baba yake anapookota jino la dhahabu sakafuni na kulishangaa.

Mwaka 1992 watu walewale walitengeneza sehemu ya pili, New York. Mitego imeongezeka na maumivu yamezidi, hata mwokozi wa dakika ya mwisho wamemrudia, safari hii mwanamke anayelisha njiwa. Tofauti iko kwenye chanzo cha vita. Mara ya kwanza wezi walikuja nyumbani kwa Kevin, na kila alichofanya kilikuwa kujilinda. Mara ya pili Kevin anawafuata wezi, anawavuta hadi nyumba tupu aliyoitayarisha. Hakuna tena nyumba ya kulinda, wala hakuna haja ya kujifanya watu wapo. Ile kazi ya akili ya saa ya kwanza, ya kuwaza mwizi anaona nini na anaamini nini, imetoweka, na kilichobaki ni matofali yanayodondoka kutoka juu ya paa.